Mtoto Kimya Si Mtoto Mwema: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Walezi wa Salale

Gatini Nyamisati, hapa kwetu Salale kwenye delta ya Rufiji, maji yakiwa yanakupwa, mtoto wa kama miaka mitatu alimvuta mama yake kanga akauliza, "Mama, maji yanakwenda wapi?" Mama akamjibu, "Nyamaza, watu wanakutazama." Mtoto akanyamaza. Sisi tuliokuwa tukisubiri boti ya kwenda Mafia hatukuona ajabu. Mzee mmoja akamsifu kabisa: mtoto mtulivu huyu, kalelewa.

Mimi nasema pale hakulelewa, alizimwa. Mtoto yule alikuwa ameyaona maji, ameyalinganisha na yalivyokuwa asubuhi, ametafuta sababu, kisha akatafuta maneno ya kuiulizia. Hiyo ni kazi kubwa ya akili kwa mtu wa miaka mitatu. Na swali lenyewe ndilo kila mvuvi wa delta huanza nalo siku yake, kwa sababu asiyejua maji yanakwenda wapi na yatarudi saa ngapi hulala mikokoni na mtumbwi wake umekaa juu ya tope.

Tumezoea kuhesabu malezi kwa mtoto kubaki hai, na kwa hilo tumefanya kazi ya kujivunia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wilaya ya Rufiji, Kibiti yetu ikiwa bado ndani yake, ilikuwa moja ya wilaya mbili, pamoja na Morogoro Vijijini, zilizoingia kwenye mradi wa TEHIP wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Canada. Fedha za afya zikaelekezwa kwenye maradhi yaliyokuwa yakiua zaidi, malaria ikiwa mbele, na vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Watoto wale wakapona. Lakini kupona si kukua. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile inayoitwa MMMAM, kwa watoto tangu mimba hadi miaka minane, ikataja mambo matano: afya, lishe, ulinzi na usalama, ujifunzaji wa awali, na malezi yenye mwitikio. Matatu ya kwanza tunayajua hata tunapoyakosea. Mawili ya mwisho tunayaona ni mambo ya watu wa mjini. Orodha hii ni kwa ajili ya hayo mawili, na naiandika kwa ukali kwa sababu muda wenyewe ni mfupi: mtoto anapotimiza miaka mitatu ubongo wake umeshafikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima.

ONGEA NAYE TANGU SIKU YA KWANZA

Usingoje mpaka aanze kusema. Mtoto hasemi kwanza halafu akasemeshwa. Husemeshwa kwanza, mwaka mzima na zaidi, ndipo akasema. Unapomwogesha, mwambie sasa mguu, sasa mkono, maji ya moto haya. Unapotwanga, mwambie unatwanga nini. Akitoa sauti, mrudishie sauti, kisha ungoje, atatoa nyingine. Huo ndio mwitikio wenyewe, wala hauna fundi mwingine zaidi ya wewe uliyembeba.

Ongea naye kwa lugha unayoijua vizuri. Bibi anayejua Kindengereko au Kinyagatwa aseme hicho hicho, na kwa utimilifu wake, si kwa maneno mawili matatu ya kuamrisha. Nimewasikia wazazi wakiwazuia mabibi, eti mtoto atachanganyikiwa. Hachanganyikiwi. Mtoto anayesikia Kindengereko kwa bibi na Kiswahili kwa mama hujifunza vyote viwili, na hujua mapema kuwa kitu kimoja kinaweza kuwa na majina mawili.

Mpe majina kamili ya vitu. Kwetu huku tumejaliwa msitu wa mikoko wa takriban hekta 53,000, hakuna pande moja la mikoko kubwa kuliko hili Afrika Mashariki yote, halafu mtoto anafika miaka sita anaambiwa kila mti ni "mti". Mwambie: huu mkoko, ule msinzi, ule mchu, huu mkandaa, ule wenye tunda kubwa la mviringo ni mkomafi. Muulize mkoko una miguu mingapi leo. Mtoto anayejua kutofautisha majani ya mchu na ya msinzi ameshaanza kujifunza kutofautisha b na d.

USIJIBU SWALI KWA "NYAMAZA"

Hujui jibu? Sema hujui, mwulizeni babu. Una haraka? Sema nitakujibu tukifika, na mkifika umjibu kweli. Kwa yule mtoto wa gatini jibu lilikuwa sentensi moja tu: yanarudi baharini, jioni utayaona tena. Na kama kulikuwa na nafasi, mama angechomeka kijiti topeni pale maji yalipoishia, akamwambia, tukirudi tutatazama yamefika wapi. Mtoto angejifunza kipimo, muda na subira kabla hajaona daftari.

Adabu ya kwetu ni nzuri nami sitaki ife. Mtoto aamkie, asidakize wakubwa, asiingilie chakula cha mgeni. Lakini adabu ni kujua wakati wa kusema. Mtoto asiyejua kusema kabisa hana adabu, ana woga tu.

MPE KAZI NDOGO YA KWELI, KISHA USIMNYANG'ANYE

Hapa ndipo delta inapoishinda shule yoyote ya kulipia. Mkono wa mtoto unaokuja kushika penseli unatengenezwa miaka mitatu kabla ya penseli, na unatengenezwa kwa kubana, kuchambua, kumenya, kupinda, kufunga. Mama anayesuka mkeka amezungukwa na vifaa: mtoto wa miaka mitatu na atenge ukindu mwekundu upande huu, mweupe upande ule, na wa miaka mitano ajaribu kupitisha mmoja juu na mmoja chini. Atakosea. Ataharibu vipande vitano. Vipande vitano vya ukindu ni ada ndogo mno.

Kambamiti wakishachemshwa, mwache amenye wawili watatu, vidole vyake vijue kuwa na nguvu na kuwa vyepesi kwa wakati mmoja. Mchele ukipepetwa, mpe ungo mdogo wake mwenyewe. Korosho zikiokotwa, mwambie alete kumi, si "lete korosho". Akileta saba, zihesabuni pamoja, aende akatafute tatu. Hiyo ndiyo hesabu ya kutoa na kujumlisha, na amefundishwa chini ya mkorosho.

Kosa tunalolifanya mara kwa mara ni kumpa mtoto kazi, kisha baada ya dakika moja tukamwambia, "Lete huku, wewe unachelewesha." Kuchelewesha ndiko kujifunza kwenyewe. Kama huna muda siku hiyo, usimpe kazi. Ukimpa, mwache aimalize. Mtoto anayenyang'anywa kila anachoanza hufika darasani akiwa na mazoea ya kusubiri mtu mwingine ammalizie.

Na tofautisha kazi ya kumjenga na kazi ya kumtumia. Kuchota ndoo ya lita kumi si kazi ya mtoto wa miaka mitano. Kubeba mdogo wake kutwa nzima si kazi ya mtoto wa miaka sita. Hapo watoto wawili wanapotea kwa pamoja, mmoja hana mlezi na mwingine hana utoto.

USIDANGANYIKE KUWA MICHEZO INANUNULIWA

Mwaka 1986 na 1987 huko Kingston, Jamaika, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na mhudumu wa afya wa jamii, aliyekaa saa moja na kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa wakipata mshahara mkubwa kwa asilimia 25 kuliko waliodumaa wenzao wasiotembelewa. Soma hilo vizuri, mama wa Salale. Walikuwa ni watoto maskini, waliodumaa, kama watatu katika kila watoto kumi wa chini ya miaka mitano hapa Tanzania kwa hesabu ya mwaka 2022. Kilichowainua ni mama aliyefundishwa kucheza.

Kwa hiyo kusanya vifuu, vizibo, maganda ya tondo na ya chaza, chupa tupu iliyooshwa, vitambaa. Kifuu ndani ya kifuu kikubwa, kizibo ndani ya chupa, maganda kwa safu kutoka dogo hadi kubwa. Kwa aliye chini ya miaka mitatu usimpe kitu kinachoweza kuingia kooni bila wewe kukaa hapo. Wakubwa zaidi warudishieni mdako, rede na kombolela. Mtoto anayerusha kijiwe juu, akasogeza vingine shimoni na kukidaka cha juu kabla hakijaanguka, anafundisha jicho na mkono kufanya kazi moja. Anayejificha kwenye kombolela bila kucheka anafundisha nafsi yake kujizuia, na mwalimu wa darasa la kwanza atahitaji sana kujizuia huko.

MWACHIE TOPE, USIMWACHIE MAJI

Mtoto atambae, apande, ateleze, achafuke. Nguo hufuliwa. Mgongoni na kwenye mbeleko ni mahali pema kwa mtoto mchanga, na joto la mama ni dawa. Lakini mtoto wa miezi tisa anayetaka kushuka, mshushe. Misuli ya mguu haijengwi na kanga.

Maji ni jambo jingine, na hapa sitaki mjadala. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiwe karibu na mkondo, kisima, au mtumbwi uliofungwa bila mtu mzima aliye hatua moja tu kutoka kwake. Si dada wa miaka saba. Mtu mzima. Maji ya kupwa yanavuta, tope linashika miguu, na Rufiji ni mto wenye mamba. Ndani ya mtumbwi mtoto akae chini, katikati, na kama kuna jaketi la kuokolea livaliwe hata kama mnavuka mkondo wa dakika tano. Akifika miaka mitano au sita, baba mwenyewe amfundishe kuogelea maji madogo. Ni fedheha kwa watu wa delta kufa maji.

Msimu wa mpunga una mtego wake. Tunahamia shambani, mtoto anapandishwa dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo, asubuhi na kushushwa jioni, kwa kuwa chini kuna nguruwe pori na viboko. Naelewa. Lakini dungu lisiwe kizimba. Funga fito za kuzuia asianguke, mpandishie vifuu vyake, na mmoja wenu akae naye amsimulie. Mtoto wa darasa la awali haendi kuamia ndege wakati wenzake wako shuleni. Ndege watakula debe la mpunga. Miezi miwili ya shule haipimwi kwa debe.

HAYA USIYAFANYE HATA SIKU MOJA

Usimtishe kwa daktari. "Ukilia, daktari atakuchoma sindano" ni maneno yanayomfanya mtoto akimbie zahanati siku anayoihitaji. Wala usimtishe kwa mumiani na zimwi ili alale. Atalala kwa hofu, ataamka kwa hofu.

Usimpe simu ili anyamaze. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Simu haimngojei mtoto amalize sentensi yake.

Usimpeleke kwenye ngoma ya kigodoro kukesha. Mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13. Nimewaona wamelala chini ya spika usiku wa manane huku ngoma ikitikisa ardhi, na asubuhi mama anashangaa mtoto analialia.

Usimpige kwa sababu amemwaga, amekojoa, ameuliza au ameshindwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa na kumdhalilisha mtoto. Lakini hata isingekuwapo sheria, mtoto anayepigwa anafikiria fimbo tu, na kichwa kinachofikiria fimbo hakina nafasi ya kitu kingine.

Usimlinganishe na mtoto wa jirani mbele yake.

BABA, HII NI KAZI YAKO PIA

Unakwenda dago, kambini kwa uvuvi, wiki tatu, unarudi na fedha, unauliza mtoto hajambo, unalala. Hapana. Ukiwa dago, piga simu uongee na mtoto mwenyewe, umsimulie umepata samaki gani. Ukirudi, mshike. Mfundishe kufunga fundo moja la kamba, mwonyeshe wando unavyozuia samaki maji yakikupwa, mwache ashike kafi akiwa mbele yako. Na msimulie habari za mahali hapa. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwenye mikondo hii hii ya Salale, ikaja kuzamishwa Julai 1915. Mtoto wa miaka mitano akisikia kuwa meli nzima iliwahi kujificha mikokoni, atakuuliza maswali ishirini. Yajibu yote.

Na samaki unayemleta, mtoto ale nyama yake. Bado tunawapa watoto wali na mchuzi mtupu, minofu ikienda kwa wanaume. Mtoto tangu miezi sita, uji wake utiwe dagaa waliosagwa, karanga, nazi, mboga ya matembele. Mengine ya lishe na chanjo muuguzi wa kliniki ameshakwambia, nawe umeshasikia, yafanye.

CHUONI NA SHULENI

Mpeleke chuo cha Kurani, na umpeleke darasa la awali. Darasa la awali ni haki yake, na kwa sera ya elimu ni lazima. Ila usimdai mwalimu wa awali daftari lililojaa na mitihani. Nimewasikia wazazi wakilalamika kwamba watoto "wanacheza tu". Miaka ya 1980 huko Mombasa, Bi Swafiya Said na wenzake walianza kuwafundisha walimu wa madrasa kutumia michezo, makombe ya pwani, vifuu na hadithi kwa watoto wadogo, bila kuiacha dini, na njia hiyo ikafika Zanzibar na Uganda. Walikuwa ni Waislamu wa pwani kama sisi. Kama chuo na mchezo viliweza kukaa chumba kimoja Mombasa, vinaweza kukaa chumba kimoja Salale.

Mwalimu nawe: usiwakalishe watoto wa miaka mitano saa tatu wakiitikia a e i o u kwa pamoja. Kuitikia si kusoma. Mtoe mmoja mmoja, mwite kwa jina lake, mwache akusimulie amekuja na nani, mtumbwi ulikuwa na watu wangapi.

USIFICHE MTOTO ALIYECHELEWA

Hili limeharibu watoto wengi. Miezi minne shingo haijakaza. Miezi tisa hajakaa mwenyewe. Hageuki akiitwa au kitu kikianguka kwa kishindo. Mwaka mmoja na nusu hajatembea. Miaka miwili hajaunga maneno mawili, kama "mama njoo". Au alikuwa akisema kisha ameacha. Ukiona mojawapo, nenda zahanati wiki hiyo hiyo na kadi yake ya kliniki. Usiseme baba yake naye alichelewa. Usiseme ni jini, wala usimfungie ndani kwa aibu. Huenda masikio yana usaha tu, na usaha hutibika. Mtoto asiyesikia vizuri hupata shida kujifunza kusema. Na kama ana ulemavu, kila mwezi unaopita bila mazoezi ni mwezi ambao hautarudi. Yote yaliyoandikwa hapa juu, kuongea, kucheza, kazi ndogo, ni yake pia, tena yeye ayapate zaidi.

MAJI YAKIPANDA

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwatoa watu wengi wa Rufiji na Kibiti majumbani mwao, na Mei kimbunga Hidaya kikapita pwani yetu. Watu wazima tulihesabu magunia, mabati na mbuzi. Watoto walikuwa wakitutazama nyuso. Siku nyingine kama hiyo ikija, mtoto aambiwe ukweli kwa maneno mepesi: maji yameingia, tumeondoka, tuko pamoja. Alale karibu na mtu anayemjua. Abaki na kitu chake kimoja, hata kama ni kifuu. Na pale mlipojihifadhi, mtu mmoja apewe kazi ya kuwakusanya watoto kila siku wacheze, kama vile mwingine anavyopewa kazi ya kupika. Mtoto akianza tena kukojoa kitandani baada ya maji kuondoka, msimcheke wala msimpige; bado anaogopa, naye amekosa neno la kulisemea jambo lenyewe.

Kesho asubuhi, kabla hujashika kafi au jembe, mkalishe mwanao karibu nawe umuulize ameota nini. Kisha wewe ndiye unyamaze, mpaka amalize kusema.